Wastani Uliosema Sifuri

Walimwita Mama Nukta, kwa kushinda kwake kwenye kompyuta na gridi ya nukta. Kila nukta ilibeba namba, chanya au hasi, na zote pamoja aliziita uga; alitaka kujua kama uga huo ukipoa, nukta zote zitakubaliana upande mmoja. Kila mara wastani wa namba hizo kwa jaribio zima ulitoka sifuri, na msimamizi wake alishasema Ijumaa anaufunga utafiti. Maji yalikuwa yamemfika shingoni siku dada yake, muuguzi, alipochungulia grafu ya jaribio kwenye kompyuta.

“Mdogo wangu, mstari huu hautulii kwenye sifuri hata kidogo. Unakaa juu, halafu unarukia chini. Mgonjwa akiungua kwa homa asubuhi na kuwa barafu jioni, utapiga wastani useme mzima?”

“Dada, ulikuwa wapi siku zote hizi!”

Mama Nukta akapima upya bila kujali chanya wala hasi. Kumbe nukta zilikubaliana daima. Ila gridi ilikuwa ndogo mno, ikaziacha zihame zote pamoja kutoka chanya hadi hasi na kurudi, na wastani ukajifuta kuwa sifuri. Ijumaa msimamizi hakuufunga utafiti; alimuuliza tu anataka gridi kubwa kiasi gani.