Uzito wa Ng'ombe wa Baba

Tulipokimbilia Goma, baba aliacha ng'ombe wake wote kwenye milima ya Masisi. Hapa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, alibaki nao kichwani tu, na kichwa chenyewe kilianza kumchezea: dawa alizisahau, majirani aliwachanganya. Niliogopa. Nikamwomba anitajie ng'ombe niwaweke kwenye kompyuta yangu kuukuu.

Kwanza nikamuuliza walikuwa wangapi. Nilijitakia; kwetu ni mwiko.

"Mutu hahesabuke ngombe, mama!" Huniita mama, mimi bintiye, tangu utotoni, hata akikasirika.

Akawataja kama wafugaji wa kwetu wanavyowataja: huyu wa pembe zilizopinda, binti wa yule mweupe, binti wa yule aliyetolewa na babu siku ya harusi. Kila ng'ombe na ukoo wake mzima, kila mara upya. Nami, fundi wa kujisifu, nikaandika kila neno vilevile, katika lugha ya programu ninayoipenda kuliko zote, ile ambayo kitu kikishaundwa hakibadilishwi tena.

Kompyuta ikaganda. Nikaanza kupima kila aina ya data inakula nafasi gani. Herufi moja, ambayo kwenye faili ni baiti moja tu, humu ilikula ishirini na nne! Halafu yule mweupe nilikuwa nimemnakili upya kwa kila binti na kila mjukuu.

"Papa, tuondoe mabibi wa hawa ng'ombe. Walikufa zamani."

Alinitazama akanihurumia. "Ukitosha, ukimutoa mama yake, hii ngombe iko ya nani? Mama iko mumoja tu. Batoto bote banarudia kwake."

Nilitamani kumbusu. Miaka yote nimejua kwamba katika lugha hii, kwa kuwa hakuna kinachobadilika, mabinti mia wanaweza kumwelekea mama mmoja bila kumnakili. Nikaandika upya: yule mweupe mara moja, herufi zimebanwa pamoja. Nikapima tena. Baiti, angalau, niliruhusiwa kuzihesabu.

"Zimekula fasi ngapi?" akauliza.

Niliona haya kumwambia. Kundi lake lote, pamoja na mama zao wote, lilikuwa dogo kuliko picha moja ya simu. Nilidhani ataumia, na kwa nilivyompenda sikutaka hilo. Mwishowe nikamwambia, nikimwonyesha picha kwenye simu.

Aliiangalia simu mkononi mwangu.

"Basi, mara hii tukikimbia," akasema, "tutaenda nazo zote."