Siku ya Msaragambo Niliyokwenda Kuchomwa Sindano

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiandika tarehe za hedhi na, kando yake, siku nilizobadilika. Mpangilio ulikuwa uleule: wiki moja kabla ya damu nilikosa usingizi, nikalia bila sababu, nikafoka. Siku moja nilirusha kikombe ukutani, hatua mbili kutoka alipokaa binti yangu wa miaka minane. Tangu hapo, nikiingia jikoni, alinitazama mikono kwanza. Nilianza kujiogopa.

Nikamwendea muuguzi mmoja mjini Same, aliyesomea tiba ya sindano za Kichina, zile nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani. Hakunidanganya. "Wengine hupata nafuu, wengine hawaoni tofauti," alisema. "Na ukifikiria kujidhuru, usiningoje mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo."

Mara ya tatu iliangukia siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kwetu Mamba, siku hiyo kila nyumba hutoa mtu wa kuzibua mfereji, na kwa kuwa mume wangu anafanya kazi mbali, mtu huyo ni mimi. Mgonjwa husamehewa, ila lazima aseme anaumwa nini, mbele ya watu wenye majembe.

"Shikamoo," nilimwamkia mwenyekiti wa kitongoji.

"Marahaba, mama. Vipi tena?"

"Naumwa."

"Nini?"

Wanawake wakaegemea majembe kusikiliza. Ningesema naumwa hasira?

"Tumbo."

"Tumbo gani hilo limevaa viatu vya mjini!" jirani yangu alidakia, wakaangua kicheko. Mwenyekiti akanipungia mkono niende. Binti yangu nilikuwa nimemwacha uani kwa jirani huyohuyo, akicheza na wanawe.

Kitandani kwa muuguzi nilihesabu sindano: mbili juu ya vifundo vya miguu, mbili kwenye mikono, moja katikati ya nyusi. Hazikuuma. Niliambiwa nipumzike, lakini nililala nikijipima kila dakika kama hasira imepungua, na kule kujipima kukanichosha zaidi.

Nilirudi saa kumi. Jirani alikuwa mlangoni kwake akikwangua tope kwenye jembe.

"Tumbo limepoa?"

"Kidogo."

Hakucheka. "Mwanao ameomba alale hapa. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema siku nne."

Zilikuwa zimebaki siku nne kamili nione damu. Sikuwahi kumwambia, alikuwa ameshajifunza mwenyewe. Nilimwona ndani, akichambua maharage na wenzake. Alisikia sauti yangu, mabega yakamkaza, hakugeuka.

"Kuna nini kwenu, mwenzangu?" jirani aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mlaze," nikamwambia. Nikakaa chini kando ya jembe lake, nikaanza kumweleza tangu siku ya kikombe.