Mzabibu wa Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kariakoo hakuna kitu kilichoingia kikiwa kimoja. Baba alikuwa na wake wawili chini ya paa moja, na maneno ya wanawake aliyaogopa kuliko polisi wa barabarani. Akinunua doti ya kanga, ananunua na ya pili. Akileta samaki, wanakuja wawili wa kimo kimoja, na mmoja akimzidi mwenzake hata kwa mkia, Bibi, yaani mama yake Baba, ndiye aliyeamua safari hii mkubwa aende jiko gani. Mama yangu, mke mkubwa, chumba chake kilikuwa kulia mwa ukumbi. Mama mdogo Saumu alikuwa kushoto. Ua ulikuwa wa wote.

Halafu Baba akaleta kijiti kimoja cha mzabibu.

Alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo Dodoma. Huko mkulima alimpa pingili mbili, moja ikamkaukia njiani. Iliyopona akampa mama mdogo, kwa sababu mama mdogo alikuwa mjamzito na kila siku kutwa anataja zabibu. Maelezo yalinyooka kabisa. Mama aliyasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, baba Zuhura," akaendelea kuchagua mchele ambao ulikwisha kuwa safi zamani.

Mzabibu ulishika. Fundi aliujengea kichanja cha mabomba chakavu kutoka mtaa wa Gerezani, na baada ya muda majani yakafunika nusu ya ua. Kivuli kikafika mpaka mlangoni kwa Mama. Baba akirudi safari alipita kwanza kwenye kichanja, anageuza geuza majani, ndipo akumbuke kuuliza kama mimi nimeshakula. Niliuchukia mmea ule. Nilikuwa mtoto wa pekee wa mama yangu, na sikuwa nimezoea kushindana na majani.

Shabani, mtoto wa mama mdogo, akazaliwa. Akakaa, akatambaa. Mzabibu ukawa bado ni majani matupu, tunda hata la dawa hakuna.

"Mti haunyimi matunda bure," Bibi alisema mchana mmoja, akiwa ameketi mkekani na sisi tukimsikia wote. "Kuna jicho. Utazaa siku jicho litakapotoka juu yake."

Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja. Kesho yake alitundika kwenye kichanja kiatu kikuukuu na chungu kilichopasuka, ili mwenye jicho avitazame hivyo kwanza. Sisi watoto tukakatazwa kuunyooshea mzabibu kidole, maana kidole nacho huozesha tunda kabla halijatoka. Tulielekeza kwa ngumi. Na Mama, kila alipotoka chumbani kwake kwenda bombani, alikuwa lazima apite chini ya kile kiatu.

Kiatu aliweza kukivumilia. Kilichomuumiza ni Shabani. Baada yangu Mama hakujaliwa tena, na yeye ndiye aliyemchemshia mama mdogo maji siku zote za arobaini. Sasa kila akipita, mama mdogo anamfunika mtoto uso kwa kanga, haraka haraka, kama vile anamkinga na vumbi. Mama alijifanya haoni. Usiku nilimsikia akigeuka geuka kitandani, hasa zamu ya Baba inapokuwa upande wa pili. Nami nililala macho pale, nina hasira na watu wote wa kushoto mwa ukumbi.

Siku moja asubuhi Mama alikuwa anakuna nazi uani. Shabani akatambaa mpaka kwake, akashika goti lake, akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama. Mama akacheka, akamtazama usoni kabisa.

Mama mdogo alitoka jikoni mbio. Alimnyakua mtoto, akampangusa uso kwa pindo la kanga, akatema mate pembeni, tfu, tfu.

"Samahani, dada," alisema. "Ni mtoto tu huyu, hana kinga."

Mama akaweka kifuu chini taratibu. Akaingia ndani, akatoka na panga la kuvunjia nazi.

"Kama jicho langu ndilo linalokausha," alisema, "basi acheni mkono umalizie."

Akaukata mzabibu mbele yetu, jua likiwa limeshatoka. Hakuna aliyethubutu kumkaribia. Matawi yalianguka juu ya masufuria, chungu cha Bibi kikaanguka kikasagika, na jua likaingia uani mahali ambapo tulikwisha kulisahau. Alikata mpaka akaishiwa nguvu. Kikabaki kisiki na vipande vifupi vya matawi ambavyo hakuvifikia. Kila penye jeraha pakaanza kudondoka maji, tone baada ya tone, na mama mdogo akapiga kelele, "Unalia! Jamani, unalia!" Naye mwenyewe akalia.

Baba aliporudi hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alisema tu kwamba mwezi ukiandama atakwenda Temeke kuongea na wazee wa Mama. Nyumba nzima ilijua maana yake. Mama akaanza kukunja nguo zake, chache chache kila siku, na mimi nikawa najiuliza kama nitakwenda naye au nitabaki kulelewa na mama mdogo.

Ndipo kisiki kikachipua. Vichipukizi vilitoka kwa fujo, na ndani ya kila kichipukizi palikuwa na kitu kidogo cha kijani, punje punje, kama suke la mtama. Mama ndiye aliyeona kwanza, maana mlango wake ulitazama pale. Nilidhani atafurahi. Badala yake alijifunika kanga mpaka machoni, akapita amegeukia ukutani. Kesho yake hivyo hivyo. Ndipo nilipoelewa kwamba mama yangu naye aliamini. Alikuwa anaukinga na macho yake mwenyewe.

Mama mdogo alipoona, alimwita Bibi, Bibi akawaita majirani.

"Si nilisema?" Bibi alishangilia huku amejishika kiuno. "Jicho limetoka! Limetoka pamoja na yale matawi!"

Habari ilizunguka mtaani, na ikakubalika bila ubishi. Baba hakuenda Temeke. Mwezi uliandama, ukapita, hakuna aliyemkumbusha. Mama akazitoa nguo sandukuni.

Zabibu zilipoiva, mama mdogo alivuka ukumbi na kichala kwenye sahani, Shabani akimfuata kwa kudemadema.

"Dada, onja. Na mwanao huyu hapa, mtazame."

Mama akatia punje moja mdomoni. "Chachu," akasema.

"Chachu kweli," mama mdogo akakubali, wakacheka wote wawili. Shabani akapanda mapajani kwa Mama na hakuna aliyemfunika uso.

Miaka mingi baadaye nilialikwa harusini Dodoma. Nyuma ya nyumba tuliyofikia palikuwa na shamba la mizabibu, na mwenyeji wetu alikuwa anaikata yote, anabakiza visiki. Nikamuuliza kwa nini anaiua.

"Usipoikata, dada, inakupa majani tu," alinijibu. "Zabibu inazaa kwenye tawi jipya."

Nilicheka, halafu nikamwomba arudie.

Niliporudi Dar nilikwenda moja kwa moja Mbagala, wanakoishi sasa Mama na mama mdogo, wajane wawili wanaogombania rimoti na kusikilizana miguno ya usiku. Mama mdogo alikuwa jikoni anakaanga mihogo. Nikamnong'oneza Mama habari yote: kwamba hapakuwa na jicho lolote, kwamba ni panga lake ndilo lililouzalisha mzabibu, kwamba walimwonea bure.



"Usimwambie Saumu," alisema.

"Kwa nini, Mama? Si ndiyo unasafika?"

"Nilikata ili ufe, Zuhura." Akatazama kule jikoni. "Ukiwaambia ni panga, watauliza lile jicho lilikwenda wapi."

Sijamwambia mama mdogo mpaka leo. Zamani niliamini kwamba imani ile ndiyo iliyomdhulumu mama yangu, na ni kweli ilimdhulumu. Ila nikifikiri zaidi, naona ndiyo pia iliyomrudisha nyumbani. Mwanamke mwenye wivu wangempeleka Temeke. Mwanamke aliyetokwa na jicho walimpa mtoto ampakate.