Kijana Aliyeingia Uwanjani na Uso wa Vigo

Saa kumi na mbili asubuhi, ukumbi wa klabu ya Loma Colorada mjini San Francisco de Macorís bado una giza upande wa majukwaa. Leovigildo Paulino, ambaye mji mzima unamwita Vigo, anadundisha mpira taratibu kuelekea kikapuni. Anasimama ghafla, anaegemea nyuma, anarusha. Mpira unaingia bila kugusa chuma.

Chini ya kikapu, kijana aliyemzidi urefu kidogo anaudaka, anaurudisha hadi pale pale, anasimama vile vile na kuegemea vile vile. Wa kwake unagonga chuma na kuruka nje.

"Kiwiko," anasema Vigo.

"Kiwiko changu hakina neno. Chuma chenu ndicho kimepinda," anajibu kijana kwa lafudhi ya mbali.

Mlangoni, mama anayeitwa kwa heshima doña Nereida, anayewauzia wanamichezo kahawa, anaweka birika chini na kupiga ishara ya msalaba.

"Mungu anisamehe, lakini sijazoea," anasema. "Kila nikiwatazama mwili unanisisimka. Ni kama mtu anacheza na kioo."

Mwezi mmoja uliopita, Vigo hakujua kuwa kijana huyu yupo duniani.

Vigo ana miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ni kupandisha mpira na kuichezesha timu, kazi iliyompeleka katika nchi kumi na moja: Uruguay, Venezuela, Meksiko, Lebanoni, Irani, Bulgaria, Indonesia na nyingine ambazo akizitaja huanza kujichanganya. Kila mkataba ulipoisha alirudi nyumbani kuichezea Loma Colorada, klabu iliyomlea tangu akiwa mtoto asiye na viatu vya kufaa.

"Mchezaji wa kigeni ni balbu," anasema. "Ikiungua hawaitengenezi. Wanaitoa, wanaweka nyingine. Nimejifunza kusema 'nipe mpira' kwa lugha sita. Kuaga sikujifunza hata kwa moja, maana nafasi ya kuaga huwa haipo."

Balbu yake ya kwanza iliungua Salto, Uruguay, akiwa na miaka ishirini. Huko alipendana na Graciela Olivera, msichana aliyekuwa akifua jezi za klabu. Miezi minne baadaye Vigo alichanika msuli wa paja katikati ya mchezo. Siku mbili hazikupita, mchezaji mwingine akawa ameshatua, na yeye akapandishwa basi la kwenda kupanda ndege. Graciela alikuwa kwa shangazi yake kijijini. Vigo alimwachia salamu kwa meneja wa klabu.

"Nilipiga simu klabuni mara mbili tatu. Mara wananiambia hayupo, mara ameacha kazi. Kisha nikapata timu Lebanoni. Nilikuwa kijana, nikajiambia kwamba amenisahau."

Miaka ikapita. Akamwoa Yokasta, msusi mwenye saluni mtaa wa pili kutoka klabuni, wakapata binti, Arianny. Jina la Graciela halikuwahi kutajwa ndani ya nyumba hiyo.

Halafu ikaja nusu fainali ya mwezi uliopita, mchezo wa mwisho wa kuamua, dhidi ya Ribera del Jaya, mahasimu wa ng'ambo ya mto. Mchezeshaji wao alikuwa ameumia, wakaleta mwingine kutoka nje. Alitua jana yake. Karatasi ya timu ilisema: Nahuel Olivera, miaka ishirini, Uruguay.

"Jina halikunishtua," anasema Vigo. "Akina Olivera kule ni wengi kama akina Paulino hapa."

Kilichomshtua kwanza ni mchezo wenyewe. Kila alipotaka kwenda kulia, kijana alikuwa ameshafika kulia. Alipojifanya anapita kisha akasimama na kuegemea nyuma, ujanja ambao umemlisha maisha yake yote, alikuta mkono umeshainuliwa mbele ya macho yake. Kijana alimpokonya mpira mara tatu kabla ya mapumziko, na hakucheka hata mara moja.

"Alijua niendako kabla mimi mwenyewe sijajua. Nikadhani nimezeeka. Nikamwambia kocha, leo nimekwisha."

Robo ya tatu, wawili hao walisimama ubavu kwa ubavu wakisubiri mtupo huru. Mikono viunoni, vichwa vimeinama kidogo kushoto, kila mmoja akijifuta jasho la kidevu kwa bega. Ndipo Papolo, mwendesha bodaboda ambaye mdomo wake unajulikana katika kumbi zote za mji, aliposimama jukwaani.

"Vigo! Huyo umemzaa au umemtoa kopi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha watu wakatazama vizuri, na kicheko kikafa. Wanaosimulia wanasema ngoma zilinyamaza zenyewe, bila mtu kuwaambia wapigaji waache. Doña Nereida anakumbuka kusikia mashine ya barafu ikinguruma, sauti ambayo haijawahi kusikika siku ya mchezo.

Yokasta alikuwa ameketi safu ya tatu pamoja na binti yao.

"Nilimtazama yule kijana, nikamtazama mume wangu, nikamtazama mwanangu Arianny," anasema. "Sikio lile lile. Masikio ya akina Paulino huwezi kuyaficha. Nikahisi macho ya watu wote yamenigeukia mimi."

Vigo alimgeukia kijana. "Wewe wa wapi hasa?"

"Salto."

"Mama yako nani?"

"Unamjua. Alikuwa akikufulia jezi."

Mtupo wa Ribera ukaingia. Mchezaji mwenza akampa Vigo pasi, ikampiga kifuani na kudondoka. Hakuinama kuuokota. Wachezaji wa Ribera waliuchukua wakaenda kufunga, naye bado amesimama pale pale kama mti. Kisha akatembea hadi kwenye benchi, akaketi, akajifunika taulo usoni. Hakurudi tena uwanjani. Loma Colorada ikafungwa.

Usiku huo mtaa ulichemka. Wapo waliosema Vigo aliuza mchezo kwa mwanawe. Yokasta alichukua nguo chache na binti yake, akaenda kwa dada yake.

Aliyechukua hatua ni mama yake Vigo, doña Ercilia, mwenye miaka sabini na minne. Asubuhi alimwita Papolo barazani kwake.

"Wewe uliyekimbilia kusema, sasa kimbilia kumleta."

"Mama, akikataa je?"

"Mwambie bibi yake amepika. Na usirudi peke yako."

Papolo akamleta kwa bodaboda, kijana amekunja uso. Alisimama mlangoni mwa jiko, hataki kuketi. "Nimekuja kwa heshima yako, bibi, si kwa ajili yake."

Doña Ercilia alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku. Wanaomfahamu wanasema mwanamke huyo hakulia hata alipomzika mumewe. Siku hiyo alilia kwa sauti.

"Kwetu mtoto haingii jikoni kwa bibi yake bila kuomba baraka," akasema alipotulia. "Sema: nibariki, bibi."

Kijana akasitasita. "Nibariki, bibi."

"Mungu akubariki, mwanangu. Haya, kaa ule."

Alikuwa katikati ya sahani ya mangú, ndizi zilizopondwa na vitunguu juu, na salami ya kukaanga pembeni, Vigo alipoingia. Nahuel akasukuma sahani.

"Sikuja kukumbatiwa," akamwambia. "Nimetazama michezo yako tangu nina miaka minane. Kila mkanda nilioupata. Nilikubali malipo ambayo wengine waliyakataa, ili nije nikuzime mbele ya watu wako. Uliambiwa mama ana mimba, ukasema si yako."

"Niliambiwa na nani?"

"Usijifanye. Meneja alikupigia. Mama alikuwa amesimama mbele yake."

Vigo anasema hapo ndipo alipopata mshtuko wa pili, mkubwa kuliko wa uwanjani. "Siwezi kueleza. Ni kama kusomewa hukumu ya kesi ambayo hukuitwa mahakamani."

Aliapa kwamba hakupigiwa na mtu. Nahuel alicheka kwa dharau. Doña Ercilia akaigonga meza kwa mwiko. "Mwenye habari yupo hai au amekufa? Kama yupo hai, mpigieni."

Nahuel akampigia mama yake, akaweka simu mezani ili wote wasikie. Vigo alijitambulisha.

"Graciela, yule bwana alinipigia lini?" akauliza Vigo.

"Nikiwa ofisini kwake. Aliongea na wewe, akakata, akaniambia umekana."

"Wiki gani?"

"Ile ya sikukuu ya Pasaka."

"Pasaka nilikuwa hapa, nyumbani kwa mama, mguu juu ya kiti. Nyumba hii haikuwa na simu. Hata klabu hawakuwa na namba yangu."

Sauti ya mwanamke ikasema polepole, "Kumbe aliongea na simu iliyokufa."

Meneja huyo alishafariki. Graciela, akizungumza na gazeti hili kwa simu, alisema bado hajui kwa nini alifanya hivyo. "Labda aliogopa klabu ingedaiwa kitu. Nilimshukuru, unaelewa? Nilimshukuru kwa kunisaidia kupiga simu."

Pale jikoni, Nahuel aliinuka akatoka nje. Vigo akamfuata. Walisimama chini ya paa la banda la kukaushia kakao, mvua ikinyesha, na Papolo, ambaye hakuwa ameambiwa aondoke, akiwatazama.

"Yule kijana aliipiga nguzo ya banda kwa kiganja," anasema Papolo. "Alikuwa na hasira ya miaka ishirini na hana tena wa kumtupia."

Yokasta alitaka kipimo cha damu kifanyike, kikafanyika. Majibu yalipotoka kwamba ni baba na mwana, doña Ercilia hakutaka hata kusomewa. Yokasta alirudi nyumbani siku ya tatu baada ya hapo.

"Kijana alizaliwa kabla sijamjua Vigo. Sina ugomvi naye," anasema, mikono yake ikiendelea kusuka kichwa cha mteja. "Nilikasirika kwamba ukumbi mzima ulijua kabla yangu. Na kwamba niliishi na mwanamume miaka kumi na mitano akiwa na jina mdomoni ambalo hajawahi kulitoa. Hilo bado tunalizungumza. Nisikudanganye, hatujalimaliza."

Ndani ya klabu, Vigo aliwakabili wanachama mkutanoni. "Sikuuza mchezo, nilishindwa kucheza," aliwaambia. "Anayetaka kuniita msaliti aniite sasa, nikiwa hapa." Sauti moja ya nyuma ikasema, "Sisi tunachotaka ni umsajili huyo mtoto. Anacheza kuliko wewe." Watu wakacheka, na kikao kikahamia mambo ya paa linalovuja.

Ribera walifungwa kwenye fainali, mkataba wa Nahuel ukaisha. Hakuondoka. Analala chumba cha nyuma kwa bibi yake, na msimu ujao atavaa jezi ya Loma Colorada. Vigo naye ameikataa timu ya Surabaya, Indonesia, iliyomtaka kwa miezi mitano. Anataka msimu mmoja tu wa kumpa mwanawe pasi, kisha astaafu.

Kumwita baba, Nahuel bado. Anamwita "mzee", na Vigo hajamshurutisha.

Lakini kabla ya msimu kuna safari. Mwezi Julai wawili hao watakwenda Salto. Vigo anataka kumwomba radhi Graciela ana kwa ana.

"Alidanganywa na meneja, sawa. Lakini mimi nilipiga simu mara mbili tatu nikachoka. Yeye alilea miaka ishirini hakuchoka. Lazima nikamwambie hilo nikimtazama."

Mazoezi yamekwisha. Wameketi sakafuni, vikombe vya kahawa ya doña Nereida mikononi.

"Ubebe nguo nzito," Nahuel anamwambia. "Julai kwetu baridi inauma."

"Sina nguo nzito, mimi mtu wa jua. Nilikuwa na koti moja, la buluu, nikaliacha kule kule siku waliponipandisha basi."

Kijana anakoroga kahawa yake, hamtazami.

"Najua," anasema. "Ninalo. Lilianza kunienea nilipofika miaka kumi na mitano."