Moshi wa Tatu

Mama mkubwa Kahente hakuwa mtu wa kuambiwa. Nyumba yetu ndefu ya magome ilikuwa mali ya wanawake wa ukoo wa Kobe, na yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Wanaume waliooa kwetu walimwogopa kuliko dubu.

Zamani nyumba ilikuwa na meko sita. Ndui ikaja, yakabaki matatu: mawili yetu na moja lake, kule mwisho, upande wa mtoni. Katikati palikuwa patupu, na baridi ikahamia humo. Kitanda kilichotazamana na chake kilikuwa cha bintiye, Kaniehtiio, aliyemfuata mumewe kaskazini. Kwetu mume ndiye humfuata mke! Mamake hakumsamehe, wala hakuacha kumngoja.

Majira ya baridi yale mwanangu alikohoa mpaka akageuka rangi.

"Dada, tuikate nyumba, tuzibe baridi," mjomba akasema. "Tubomoe upande wako, uhamie kwetu."

"Anza kukata kichwa chako, hakina kazi."

"Mtoto anakufa, dada."

"Na Kaniehtiio je? Akipita mtoni atahesabu moshi. Asipouona wa tatu, atasema mama kafa."

"Miaka minne hii!"

 Kahente alikuja kwangu, akaweka kiganja kifuani mwa mwanangu, akasikia kinavyokwaruza.

"Bomoeni," akasema.

Gome la mti halibanduki wakati wa baridi, kwa hiyo ukuta mpya ulijengwa kwa magome ya upande wake. Kamba za kitanda cha bintiye alizifungua mwenyewe. Mwanangu akapona.

Barafu ilikwisha mtoni, hata wakati wa kupanda mahindi ukafika. Siku moja binamu yetu Tehonwa akarudi kutoka kaskazini. Alipomwona Kahente shambani, mzigo ulimponyoka.

"Mama, wewe u hai?"

"Ulitaka niwe nini?"

"Kaniehtiio alipita hapa kwa mtumbwi, barafu ilipokwisha tu. Wenzake walikataa kuteremka, waliogopa ndui. Akahesabu mioshi miwili tu. Amekwisha kukaa matanga yako."

"Yuko wapi sasa?"

"Wamehamia magharibi. Wapi, hakuna ajuaye. Alisema hana tena kwao."

Kahente aliegemea jembe lake.

"Alilia?"

"Siku zote kumi za matanga, mama."

Akakaa chini palepale kwenye matope. Mwanangu akamkimbilia, akampanda mapajani akicheka, nami nikaona haya kumwita mtoto arudi.