Dhahabu ya Hewa Bora Inanuka Lutuku

Asubuhi, uani kwa Brigitte Chomba, mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, harufu ya pombe inakupokea kabla ya mwenyeji. Mjane huyu wa miaka hamsini na minne anamimina lutuku, ile pombe kali ya mahindi, kwenye kikombe chenye vipande vya utomvu mkavu. Anakoroga, na taratibu pombe inageuka njano iliyokolea.

Anapitisha burashi juu ya nyota aliyoikata kutoka kopo la maziwa. Bati linang'aa kama dhahabu.

Utomvu humfikia kutoka kwa wachoma makaa wa upande wa Kasomeno, wanaougema porini. Ufundi aliurithi kwa baba yake, mfanyakazi wa reli.

"Ile maji ya muti haipendake maji ya robinet," anasema, akilionyesha bomba la uani. "Inaomba lutuku tu. Utafanya nini?"

Nyota na mataji yake hupamba nyumba nyingi za Wakatoliki. Lakini lutuku nusura imharibie jina. Mwaka jana akina mama wa chama chake cha parokia walimnusa, wakanong'ona, kisha wakamnyang'anya bendera ya Bikira Maria aliyokuwa akiibeba kwenye maandamano. Hawakutaka mlevi mbele yao. Nilipomsikiliza iliniuma.

"Nililia, vraiment. Mu maisha yangu sijaonjaka hata kijiko."

Aliyemwokoa, bila kukusudia, ni jirani yake Edouard. Siku moja alikiona kikombe uani, akakibugia chote. Hakujua kwamba utomvu huo huendesha tumbo bila huruma. Hadi jioni alikuwa chooni, na mtaa mzima ukapata habari.

Edouard hana kinyongo, anajicheka mwenyewe. "Mi nilikunywa mara moya tu, nikaona kifo. Mama Brigitte angekunywaka ile kintu kila siku, leo hangesimama."

Habari zikamfikia Mama Julienne Mapalo, kiongozi wa chama. Alikuja mwenyewe, akakaa uani tangu kazi ilipoanza hadi ilipokwisha, akaona lutuku yote ikiishia kwenye rangi.

"Tulimukosea," anakiri. "Tulinusa nguo, hatukuuliza muntu."

Bendera imerudi mikononi mwa Brigitte. Sasa anatengeneza taji la sanamu ya Bikira kwa maandamano ya Agosti, na safari hii wateja ni akina mama walewale. Wengine wamemshauri siku hiyo ajipake manukato. Brigitte anacheka kwa furaha ya mtu aliyepona.

"Nitapita mbele na tablier yangu ya kazi," anasema, akiikung'uta aproni yake inayonuka lutuku. "Banuse tu."