Mvua Iliyomrudisha Tryphena Mghange

Tryphena alizaliwa Mghange, juu milimani, lakini riziki yake aliitafuta chini, kwenye shamba la makonge karibu na Voi. Misimu miwili mvua ilikuwa imewatoroka. Yeye na mumewe Thadeus wakamwacha binti yao Shanice huko huko kwa bibi yake, mama yake Thadeus, wakashuka kutafuta kibarua. Thadeus alikata makonge. Tryphena alianika katani kwenye waya nje ya kiwanda, pamoja na Ajwang', jirani yake kambini, aliyezaliwa mbali, kando ya Ziwa Victoria, na kuolewa hapo shambani.

Ijumaa moja mchana upepo ulibadilika ghafla. Ajwang' aliinua uso.

"Mama Shanice, angalia kule!"

Wingu jeusi lilikuwa limefunika milima yote. Katani ikilowa tena inaharibika, na nyapara wao, Owino, alianza kupiga kelele. Wanawake wakakimbia, kila mmoja amekumbatia mafungu hadi kidevuni. Tryphena alikimbia kuliko wote, huku akicheka peke yake.

"Wewe unacheka nini?" Owino akamuuliza.

"Hiyo mvua imetoka kwetu!"

Fungu la mwisho lilipoingia ghalani, matone yakaanza kugonga mabati. Tryphena akampigia mama mkwe wake simu.

"Inanyesha tangu asubuhi," mama akapaza sauti. "Mbegu mliyonunua ipo. Mnangoja nini?"

Owino alisikia. Akatazama nyaya tupu zikichuruzika maji. "Kesho hakuna kuanika. Nendeni, lakini Jumatatu niwaone hapa."

"Na mimi naenda," Ajwang' akasema. "Kila siku nasikia Mghange, Mghange. Nataka kuiona."

Kesho yake, pamoja na Thadeus, walipanda mlima watatu. Ajwang' alitetemeka kwa baridi, akavalishwa sweta mbili za mama mkwe, lakini jembe hakuliachilia. Thadeus alichimba mashimo, Tryphena akatia mahindi, Ajwang' maharagwe. Shanice alifuata nyuma akifukia kwa miguu, tope hadi magotini, akimfundisha mgeni maneno ya Kidawida, lugha ya kwao, na kumcheka kila alipokosea. Ajwang' naye akamjibu kwa wimbo wa Kijaluo, mpaka majirani wakasimama njiani kusikiliza.

Jioni walikula viazi vitamu jikoni, nguo zikifuka mvuke karibu na moto. Shanice alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, mikono yote ina udongo. Tryphena hakutaka kumwamsha aoge.